UZI: Mlioajiriwa Marekani, lipieni macho yenu kwa pesa ambayo kodi haijaigusa (msimu wa kujiandikisha mafao ya 2026)

Mwana wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu mlioajiriwa huku Marekani: maghalani, viwandani, hospitalini, kwenye nyumba za wazee. Mlioko nyumbani someni pia, mtakuwa na ndugu huku wa kumtumia.

Tupo kwenye msimu wa kuchagua mafao ya mwakani. Kwa waajiri wengi dirisha linafunguliwa Oktoba au Novemba na halikai wazi muda mrefu. Mimi nafanya kazi kitengo cha mafao ya wafanyakazi, na kuna jambo linaniuma kila mwaka. Mswahili mwenzangu anaingia kwenye mfumo, anachagua bima ya afya, anachagua ya meno, anafika kwenye kipengele cha FSA anabonyeza hapana, basi. Ikifika Machi anakuja kuniuliza mbona miwani yake na ya mtoto imekula nusu ya cheki. Kalipa kwa pesa iliyokwishakatwa kodi ya serikali kuu, Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee), wakati alikuwa na haki ya kulipa kabla ya makato hayo yote.

FSA ni akaunti ya matumizi ya afya inayofunguliwa na mwajiri. Unatamka mwanzoni kiasi cha mwaka mzima, wanakigawa kwenye kila cheki, na wanakikata kabla ya kukokotoa kodi. Kwa 2026 kikomo ni dola 3,400 kwa mfanyakazi mmoja (2025 ilikuwa 3,300). Unapewa kadi ya kulipia, au unalipa mwenyewe kisha unadai kwa risiti.

Sababu ya watu kuikimbia ni moja: usipoitumia inapotea. Ni kweli, inapotea, na sitaki kumficha mtu. Ila fikirieni hofu hiyo inahusu nini. Inahusu matumizi usiyoyajua. Nani anajua kama mwakani atavunjika mguu? Hakuna. Lakini anayevaa miwani anajua leo kwamba mwakani atapimwa. Anayetumia lenzi za kuweka machoni anajua zitaisha, na anajua boksi moja ni bei gani. Mwenye mtoto wa darasa la nne anajua fremu haitamaliza mwaka. Katika matumizi yote ya afya, macho ndiyo unayoweza kuyapangia mwaka mzima ukapatia karibu na ukweli. Akaunti inayoadhibu kukisia vibaya inafaa zaidi kwa matumizi yasiyohitaji kukisia.

Tufanye hesabu. Tuseme una bima ya macho ya kazini inayotoa dola 150 za fremu. Umechagua fremu ya 180, kwa hiyo 30 ni zako. Lenzi za kuonea mbali na karibu: mchango wako wa kawaida 25, halafu nyongeza ya 95 kwa sababu ya aina ya lenzi. Mpako wa kuzuia mng'ao 70. Kipimo chenyewe unachangia 10. Jumla inayotoka mfukoni ni 230, na hapo bima "imelipa". Mwenza wako anavaa lenzi za machoni, 300 kwa mwaka baada ya bima. Mtoto, 120. Maji ya kuoshea lenzi na matone ya macho makavu, weka 50. Zote pamoja ni 700.

Ukitamka 700 kwenye FSA na unalipwa kila wiki mbili, wanakata dola 26.92 kwa cheki. Kama upo kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12, ongeza asilimia 7.65 ya Hifadhi ya Jamii na Medicare, umeokoa asilimia 19.65. Yaani dola 137 na senti kwa mwaka, na mshahara unaopokea mkononi unapungua kama dola 21.60 tu kwa cheki badala ya 26.92. Ukiwa kwenye ngazi ya asilimia 22, unaokoa zaidi ya dola 207. Kodi ya jimbo sijaiweka humo. Kwenye majimbo mengi yenye kodi ya mapato na yenyewe inapungua.

Kitu kimoja wengi hawakijui: kiasi chote ulichotamka kinapatikana siku ya kwanza ya mwaka wa mpango. Ukitamka 700, tarehe 2 Januari unaweza kutumia zote 700 ingawa hujakatwa hata cheki moja. Huo si mkopo, hakuna riba, ni sheria.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua. Na kwa yeyote: kabla ya kubonyeza, soma kijitabu cha mpango wa mwajiri wako, maana IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inaweka kikomo cha juu lakini mwajiri anaweza kuweka masharti ya chini ya hapo.

Nesi wa Lowell

Ahsante sana kaka. Swali langu: mimi nahama hama kazi. Mwaka huu nyumba ya wazee hii, mwakani nyingine. Nikiacha kazi katikati ya mwaka?

Mwana wa Ziwa

Dada, swali zuri, jibu lina pande mbili.

Ukiwa umeshatumia zaidi ya ulichokatwa (umetamka 700, umenunua miwani Januari, umeacha kazi Aprili ukiwa umekatwa 190 tu), mwajiri haruhusiwi kukudai tofauti wala kuikata kwenye cheki ya mwisho. Hasara ni yake.

Ukiwa umekatwa na hujatumia, kwa kawaida akaunti inafungwa siku ya mwisho ya ajira na kilichobaki unakipoteza. Huduma uliyopata kabla ya siku hiyo bado unaweza kuidai ndani ya muda waliouweka, lakini huwezi kwenda kupima macho wiki ijayo ukalipia kwa hiyo. Baadhi hupata nafasi ya kuiendeleza kupitia COBRA, sheria inayomruhusu aliyeacha kazi kuendelea na mafao ya afya kwa kujilipia. Kwa anayehama hama kama wewe, ushauri wangu ni huu: mambo ya macho yafanye mapema kwenye mwaka. Januari na Februari. Usisubiri.

Mpenda Hesabu

Mkuu, kwa heshima, mbona husemi zile pesa zinazopotea zinaenda wapi? Zinabaki kwa mwajiri. Na mwajiri naye anaokoa ile 7.65 yake. Hawa watu hawaanzishi kitu kwa huruma.

Mwana wa Ziwa

Yote mawili ni kweli na ni vizuri umeyasema. Kilichopotea kinabaki kwenye mpango wa mwajiri. Anaweza kulipia gharama za kuuendesha au kuwarudishia washiriki kwa utaratibu wa haki. Na yeye halipi sehemu yake ya Hifadhi ya Jamii na Medicare kwenye pesa hiyo. Niongeze na la tatu: kwa kuwa mshahara unaohesabiwa Hifadhi ya Jamii unapungua, pensheni yako ya uzeeni inaweza kupungua kidogo sana. Kwa 700 kwa mwaka athari hiyo ni ndogo mno, ila ipo.

Hata hivyo mwajiri kufaidika hakufuti faida yangu. Mimi naangalia risiti ya miwani ambayo ningeilipa vyovyote vile. Nailipa kwa dola 700 za baada ya kodi, au kwa 700 zilizonigharimu kama 562? Kinga dhidi ya kupoteza ni kutamka kile tu unachokijua kwa jina. Usitamke 3,400 kwa sababu mfumo umeonyesha 3,400.

Kijana wa Nyeri

Mimi niko Dallas. Kazini kwetu wametupa HSA, bibi yangu kwake ni FSA. Tumepanga mwaka ujao tuchukue zote mbili ndio tuokoe zaidi. Iko sawa?

Mwana wa Ziwa

Ndugu yangu, simamisha hapo kwanza. Hapa ndipo watu wanapopata matatizo na IRS.

HSA, yaani akaunti yako mwenyewe ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, inahitaji uwe kwenye bima yenye kiwango kikubwa cha kujilipia kwanza. Kwa 2026 kiwango hicho kisipungue 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia. Na usiwe na mpango mwingine wa afya unaokulipia kabla ya kufikia hapo. FSA ya kawaida ya mkeo inaweza kulipia matibabu yako wewe pia, kwa sababu wewe ni mume wake. Kwa macho ya IRS hiyo ni bima nyingine, haijalishi kama mnaitumia kwako au hamuitumii. Kwa hiyo ukichangia HSA wakati yeye ana FSA ya kawaida, umechangia bila kustahili.

Njia ipo. Muulize mkeo kama kwake wana FSA yenye mipaka, ile ya meno na macho tu. Hiyo haigongani na HSA. Mkiwa nayo, macho na meno yanalipiwa huko na HSA yako inakua bila kuguswa. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio mzuri kuliko yote kwa familia yenye watu wanaovaa miwani.

Tofauti zake kwa kifupi: HSA ni mali yako, unahama nayo, salio halipotei mwisho wa mwaka, kikomo 2026 ni 4,400 kwa mmoja na 8,750 kwa familia (mwenye 55 na kuendelea anaongeza 1,000). Lakini unatumia kilichokwishaingia tu, hakuna kupewa chote Januari. Ukiichota kwa jambo lisilo la afya kabla ya miaka 65, unalipa kodi na adhabu ya asilimia 20. Ukinunua miwani leo kwa pesa yako ya mfukoni ukatunza risiti, unaweza kujirudishia kutoka HSA hata miaka kadhaa baadaye, mradi akaunti ilikuwa imefunguliwa siku uliponunua.

Kijana wa Nyeri

Aisee, shukran. Hakuna mtu aliwahi kutuambia hiyo. Bibi ameangalia, wako na hiyo ya meno na macho. Anabadilisha usiku huu.

Dereva Masafa

Sisi madereva wa malori tunaolipwa kwa 1099 (fomu ya kodi ya waliojiajiri) tunaingia wapi? Macho ndiyo kazi yetu, cheti cha udereva hakitoki bila kipimo.

Mwana wa Ziwa

Mkuu, FSA kwako haipo. Ni ya waajiriwa. Anayejiajiri mwenyewe sheria haimruhusu. Mlango wako ni HSA. Kuanzia Januari 2026, kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, mipango yote ya daraja la Bronze inayouzwa kwenye soko la bima la serikali inahesabiwa kuwa inastahili HSA. Zamani mingi haikustahili. Unafungua HSA benki, unachangia mwenyewe, unapunguza kwenye fomu ya kodi. Utaokoa kodi ya mapato. Ile ya kujiajiri haipungui. Na kama mkeo ameajiriwa mahali penye FSA, miwani yako anaweza kuilipia yeye, ila hapo rudi usome nilichomwambia Kijana wa Nyeri.

Mama Furaha

Yambo wote. Miye niko Louisville, natoka Bukavu. Niko naomba munielezee: watoto wangu watatu wana Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, miye na bwana tuko na bima ya kazi. Nitie pesa ya miwani ya watoto mu FSA?

Binti Pwani

Bi mkubwa, hapa nakujibu mimi, kazi yangu ni kuwasaidia familia kujaza fomu hizi. Usiweke hata dola moja kwa ajili ya hao watoto. Medicaid inalazimika kuwapima macho na kuwapa miwani hadi wafike miaka 21. Ikivunjika au namba zikibadilika, rudi ukaulize tena, usiogope. Kilichopo ni kutafuta duka au daktari anayepokea Medicaid, kwa hivyo piga simu kabla hujafunga safari. Fremu zinaweza kuwa za kuchagua kwenye kisanduku fulani tu, lakini lenzi ni zilezile za vipimo vya mtoto.

FSA yako weka ya macho yako na ya bwana.

Mama Furaha

Asante sana dada, Mungu akubariki. Wa kwanza nilikuwa nimemulipia mwezi uliopita.

Binti Pwani

Pole. Rudi na kadi yake ya Medicaid ukawaulize. Huyo mwenye duka kama anapokea Medicaid na mtoto alikuwa nayo siku ile, waambie waipeleke kule. Nitumie ujumbe nikusaidie kupiga simu.

Fundi Miwani

Nimepita kama mtu wa fani. Nafanya kazi kwenye duka la miwani, nakata lenzi na kufunga fremu. Niongeze vitu ambavyo wateja wa kwetu hawavijui.

Kwanza karatasi ya vipimo ni yako. Sheria ya biashara ya serikali kuu inamtaka daktari akupe karatasi hiyo mara tu amalizapo kukupima, bila wewe kuomba, bila kulipia nyongeza, na kabla ya kukuonyesha fremu za kuuza. Tangu 2024 anatakiwa pia apate uthibitisho wako kwamba umepewa. Ukishaishika unaweza kwenda duka lolote, au kuagiza mtandaoni, na FSA inalipa kote huko.

Pili, kinacholipiwa. Kipimo, miwani ya namba, miwani ya jua yenye namba, miwani ya kazini ya kukinga macho yenye namba, lenzi za machoni, maji yake, na hata ile miwani ya kusomea ya kuning'inia famasi isiyohitaji daktari. Tangu 2020 matone ya macho ya dukani nayo hayahitaji karatasi ya daktari. Yasiyolipiwa: miwani ya jua ya kawaida, lenzi za rangi za urembo zisizo na namba, na malipo ya bima ya macho yenyewe (hayo hukatwa kivyake). Bima ya kuvunjika ya dukani usiipitishe kwenye kadi ya FSA. Mwambie muuzaji aitenge kwenye risiti nyingine.

Tatu, na hili naliandika kwa uzito. Watu wenye asili ya Afrika tunapata glakoma, presha ya macho, mapema na kwa ukali kuliko wengine. Haiumi. Inakula ukingo wa kuona polepole, na ulichokipoteza hakirudi. Watu wanakuja kwangu kubadilisha fremu miaka na miaka bila kuwahi kupanuliwa mboni na daktari akaangalia mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho. Kama umefika 40, au mzazi wako ana presha ya macho, omba kipimo kamili, siyo kile cha kusoma herufi tu. Mwenye kisukari kila mwaka. Hayo huenda kwenye bima ya afya, siyo ya macho, na sehemu yako ya malipo, pamoja na dawa za matone, unazilipa kwa FSA au HSA.

Mwana wa Ziwa

Fundi, ubarikiwe. Hilo la tatu kila mtu alisome mara mbili.

Macho Mapya

Nataka kufanya LASIK (upasuaji wa macho kwa leza ili niache miwani) Januari, nimechoka miwani kupata ukungu nikiingia chumba cha baridi kazini. Natamka 3,400 yote?

Mwana wa Ziwa

LASIK inalipiwa, FSA na HSA zote. Na ule utaratibu wa kupata kiasi chote siku ya kwanza umekaa sawasawa kwako: unafanyiwa Januari, unakatwa kidogo kidogo hadi Desemba.

Lakini usitamke kabla hujapimwa kama unafaa. Si kila jicho linafanyiwa. Kioo cha jicho kikiwa chembamba, namba zikiwa hazijatulia, au macho yakiwa makavu sana, daktari mwaminifu atakukatalia. Ukiwa umeshatamka 3,400 na Januari ukaambiwa hufai, IRS hairuhusu ubadilishe kwa sababu hiyo. Mabadiliko ya katikati ya mwaka ni kwa mambo kama ndoa, mtoto kuzaliwa, talaka, mwenza kupoteza kazi. Kliniki nyingi hupima bure kuona kama unafaa. Nenda wiki hii, kabla dirisha halijafungwa, upate jibu na bei kwa maandishi.

Jambo jingine: usilipe Desemba kwa upasuaji wa Januari ukitaka kutumia pesa ya 2025. FSA inaangalia siku ya huduma, siyo siku ya malipo.

Ikizidi 3,400, mwenza wako mwenye FSA kwake anaweza kulipia kinachobaki, ila risiti moja isidaiwe mara mbili.

Mzee wa Kagera

Nawasalimu vijana. Mama yangu yupo Bukoba, ana mtoto wa jicho, upasuaji umepangwa. Ninaweza kumlipia kwa HSA?

Mwana wa Ziwa

Shikamoo mzee. Kwa masikitiko, hapana. Mzazi unaweza kumlipia kama ni tegemezi wako kwa maana ya kodi: unagharamia zaidi ya nusu ya maisha yake, na awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Mama aliye Bukoba, hata ukimlipia kila kitu, hayumo. Ukichota HSA kwa ajili yake ni kodi na ile asilimia 20. Mtumie kwa pesa ya kawaida, na tunamwombea apone.

Kama angekuwa anaishi nawe hapa kwa karatasi za ukazi na wewe ndiye unayemtunza, jibu lingekuwa tofauti. Na hili ni muhimu kwa wenye wazazi huku, kwa sababu Medicare ya kawaida hailipii miwani ya kila siku. Hulipia jozi moja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliowekewa lenzi.

Mzee wa Kagera

Marahaba. Nimekuelewa. Na mimi mwenyewe nikienda likizo Desemba nikapima na kununua miwani Dar?

Mwana wa Ziwa

Hiyo inakubalika mzee, huduma ikiwa ya kwako na ni halali huko na huku. Katazo ni kwenye dawa za kuagiza zije huku kutoka nje. Omba risiti yenye kila kitu, andika pembeni tafsiri ya Kiingereza na thamani ya shilingi kwa dola siku hiyo. Kadi yenyewe inaweza kugoma huko, kwa hiyo lipa kisha udai.

Jicho Kavu

Risiti, risiti, risiti! Mimi nilitelezesha kadi ya FSA kwenye duka moja, ikapita vizuri. Baada ya wiki kadhaa barua: tuma uthibitisho. Nikatuma kile kikaratasi cha mashine. Wakakataa. Nikatuma tena, wakakataa, kadi ikafungwa. Kikaratasi kilikuwa na jina la duka, tarehe na jumla tu. Nilichokuwa nakosa ni jina la aliyepimwa na maelezo ya nini kimenunuliwa. Nilirudi dukani wakanichapia nyingine inayosema kipimo cha macho kiasi hiki, lenzi kiasi hiki, jina langu, tarehe. Ikapita siku hiyo hiyo na kadi ikafunguliwa.

Fundi Miwani

Kila duka linaweza kuchapa hiyo. Iombe ukiwa bado kaunta. Au tumia taarifa ya malipo kutoka bima yako ya macho, ile inaonyesha yote: mgonjwa, siku, huduma, walicholipa na ulichobakiza.

Zamu ya Usiku

Wakuu nimechelewa. Nina dola 410 kwenye FSA ya 2025 na mwaka unaisha. Nifanyeje?

Mwana wa Ziwa

Mwandikie HR leo, uliza mambo matatu kwa maandishi. Je, mpango unaruhusu kuvusha salio? (Kutoka 2025 kwenda 2026 kikomo ni dola 660, kwa hiyo 410 yako yote ingevuka.) Kama hapana, je, kuna miezi miwili na nusu ya nyongeza hadi Machi 15? Na mwisho wa kutuma madai ya 2025 ni lini? Mwajiri anaweza kutoa kuvusha au nyongeza, hawezi vyote, na anaweza asitoe chochote.

Tahadhari moja: kama mwakani unahamia HSA, salio la FSA ya kawaida likivuka litakuzuia kuchangia. Waombe walihamishie kwenye ile ya meno na macho kama ipo, au litumie lote.

Kama hakuna kuvusha wala nyongeza, kapime macho kabla ya Desemba 31, chukua miwani ya akiba au ya jua yenye namba, nunua lenzi za miezi ijayo kwa kiasi utakachotumia. Agiza mapema, kwa sababu maabara za lenzi zinazidiwa Desemba na wasimamizi wengine wanataka miwani iwe imetoka ndani ya mwaka.

Zamu ya Usiku

HR wamejibu: hakuna kuvusha, hakuna nyongeza, mwisho wa madai ni Machi 31. Nimepata miadi Jumanne asubuhi nikitoka zamu. Nitachukua ya kuendeshea usiku na ya jua yenye namba.

Fundi Miwani

Mwambie daktari unaendesha usiku na kwamba unatoka zamu, macho yaliyochoka yanaweza kutoa namba tofauti. Ukiweza sogeza miadi iwe siku ya mapumziko.

Zamu ya Usiku

Wamenihamishia Ijumaa saa nane mchana. Ahsanteni.